Mbwa Alitangulia Kupakwa Dawa

Chupa ya kwanza ya dawa ya upele tuliyomnunulia baba mkwe wangu, yeye aliimalizia kwa mbwa. Alimpaka kuanzia masikio hadi mkia, akamfunga kwenye nguzo ya ghala ili akauke, kisha akanawa mikono na kuja kunywa chai. Hakuwa anafanya mzaha, wala akili haikuwa imepungua. Ni kwamba hakuna mtu aliyemwambia kuwa dawa ile ilikuwa yake. Wiki chache baadaye binti yangu mdogo, Kerubo, alikojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi, ile isiyotiwa maziwa.

Naandika haya sasa kwa sababu Kerubo yuko nje anakimbiza kuku, na kwa sababu katika foleni za hospitali niliketi na kina mama wengi waliokuwa wakificha vidole vyao chini ya leso. Sitaeleza mambo ya madaktari. Nitaeleza yaliyotupata, moja baada ya lingine.

Tunaishi nje kidogo ya Kapsoit. Baba mkwe wangu, ambaye namwita Tata kama sisi Wagusii tunavyowaita baba zetu, alikuja huku kutoka Kisii akiwa kijana kuchuma chai katika shamba la kampuni. Alichuma mpaka akastaafu, akanunua kipande cha ardhi, akapanda chai yake mwenyewe. Mume wangu, Ombati, alizaliwa huku. Mimi nachuma chai yetu asubuhi, na siku za soko nauza nguo za mtumba Kapsoit. Mama mkwe wangu alifariki kabla Kerubo hajazaliwa, na ndiyo maana mtoto akapewa jina lake. Tangu siku hiyo Tata hakumwita mjukuu hata mara moja. Alimwita mke wangu. Kerubo ana miaka mitatu, na yeye huamka akiuliza, "Mume wangu amekunywa uji?"

Kila alasiri mvua ilipoanza kupiga mabati, Tata aliketi kwenye baraza ya nyumba yake na Kerubo alijipenyeza ndani ya koti lake zito, kichwa tu kikibaki nje, mpaka usingizi ulipomchukua. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa saa ya kupumua. Nilipika, nilikunja nguo za soko, nikiwasikia wakibishana kuhusu nani ni mvivu.

Lazima nieleze jambo moja la kwetu, la sivyo yanayofuata hayataeleweka. Tuna heshima inayoitwa chinsoni. Mke wa mwana na baba mkwe wake hawazungumzi habari za mwili. Baba na mwanawe mtu mzima vivyo hivyo. Mimi siingii chumba anacholala Tata, wala sigusi matandiko yake. Yeye haingii chumbani kwetu. Ombati hawezi kumwona baba yake akiwa bila shati. Tangu mama mkwe afariki, blanketi za Tata zilifuliwa na dada ya Ombati alipokuja kututembelea kutoka Kedowa. Lakini kati ya babu na mjukuu hakuna chinsoni. Hao hutaniana wanavyotaka, na matusi yao hayahesabiwi.

Likizo ya Aprili, mwanangu Evans wa kidato cha pili alirudi kutoka shule ya bweni akijikuna. Alisema ni viroboto. Kwa kuwa ameshatahiriwa halali tena kwenye nyumba yetu, kwa hiyo alilala kwa babu yake, na kwa vile baridi ilikuwa kali walilala kitanda kimoja chini ya blanketi moja. Likizo ikaisha, akarudi shuleni, huko wakapakwa dawa bweni zima. Mambo yake yakaisha. Sikuyafikiria tena.

Mvua ilipokolea, Kerubo alianza kusugua miguu yake mmoja kwa mwingine kama nzi. Baadaye vipele vikatokea viganjani na kwenye nyayo. Nikadhani ni joto la soksi. Halafu mwasho ukanipata mimi katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni pale sketi inapobana, na kuzunguka matiti. Ombati alipoanza kujikuna, hakuniambia ni wapi. Nilijua kwa namna alivyokuwa akigeukia ukuta.

Mtu asiyewahi kuupata hawezi kuelewa jinsi upele unavyomnyima mtu utulivu. Unatulia ukiwa na baridi, unaamka ukiota moto. Basi mimi niliyependa kukaa karibu na jiko nikaanza kukaa mlangoni. Chakula nilipika nimesimama, nikibadilisha mguu. Wakati wa kuchuma chai majani yakiwa na umande, utomvu uliingia kwenye nyufa za vidole ukachoma kama pilipili, na jambo la aibu ni kwamba nilifurahia ule uchungu kwa sababu uliuzima mwasho kidogo. Kitandani sote watatu tulikuwa kama watu wanaopepeta mahindi. Hakuna aliyelala, na asubuhi kila mmoja alimlaumu mwenzake.

"Ni hizo nguo zako," Ombati alisema siku moja akifunga kamba za viatu. "Za watu hatuwajui, wamekufa na nini hatujui. Unazileta kwa nyumba, unazilaza pale mtoto analala."

"Nguo nazianika, napiga pasi."

"Unaanika wapi na hii mvua?"

Huku kwetu miezi ile jua huonekana asubuhi, likaenda zake kabla ya chakula cha mchana. Nikahamishia mabunda ya nguo kwenye ghala. Mwasho haukujali.

Tulienda zahanati. Kwenye benchi nilimweka Kerubo magotini, mikono yake nikiishika ndani ya yangu ili isionekane, na mama aliyekuwa karibu nami alitazama, akatazama tena, kisha akambeba mtoto wake wakaenda kusimama karibu na mlango ingawa mlango ulikuwa unapitisha upepo. Nesi hakuchukua muda. Alinigeuza kiganja, akaangalia kati ya vidole, akasema, "Hii ni upele, mama. Usiogope, inaisha. Lakini mjipake wote siku moja. Mtu mmoja akibaki, mmefanya kazi bure. Mnalala wangapi kwa hiyo nyumba?"

"Watatu," Ombati akajibu upesi, na akawa amesema kweli. Moraa, kifungua mimba wetu, alikuwa chuo cha ualimu Bomet. Evans alikuwa shuleni. Tata alikuwa na nyumba yake.

Dawa ni maji meupe mazito kama maziwa, yenye harufu inayobaki puani. Ya Kerubo ilipunguzwa makali. Ukijipaka mahali ulipojichuna, unaruka. Tulijipaka shingoni hadi vidole vya miguu, tukachemsha mashuka, tukakaa tukitazamana kama kuku walionyeshewa. Mwasho haukuondoka mara moja, lakini ulianza kupungua. Vipele vikakauka. Kwa muda mfupi nyumba ilikuwa na amani, Ombati hata akanitania kwamba nanukia kama zahanati.

Kisha Kerubo akaanza tena kusugua miguu.

Mara hii ya pili ndiyo iliyotuvunja. Mara ya kwanza ni ugonjwa, ya pili majirani wanasema ni uchafu. Kanisani kwetu ibada ikiisha tunatoka tukipanga mstari nje, kila mtu anamshika kila mtu mkono, ndipo sala ya mwisho inaombwa. Nilianza kutoka nimembeba Kerubo kwa mkono mmoja na Biblia kwa mwingine, nikiinamisha kichwa tu. Jumapili moja nikasikia nyuma yangu, "Mama Moraa siku hizi ana maringo, ama ana kinyongo na mtu?" Heri wafikiri ni kinyongo. Sokoni mwanamke mmoja alishika sweta, akaniona nikijikuna kifundo, akaiachilia kama imemng'ata. Wiki iliyofuata wateja wangu walikuwa kwa jirani yangu wa meza.

Chebet, jirani yetu Mkipsigis ambaye tunachukua maziwa kwake, ndiye pekee aliyenikabili. Alinivuta nyuma ya zizi lake.

"Nionyeshe. Usifiche, mimi nimezaa saba, nimeona kila kitu."

Nikamwonyesha.

"Oi, Mama Moraa! Hii ni kitu ya kulia? Ng'ombe ikipata kupe tunafanya nini? Tunapulizia." Akachukua pampu ya kupulizia dawa ya kupe. "Ombati apulizie mgongo, wewe mbele."

"Si ni ya ng'ombe?"

"Na wewe ngozi yako ni ya nini, kitambaa?"

Alimaanisha mema. Wengi huku wamefanya hivyo na hawatasema. Mimi nilijaribu kwenye mkono mmoja tu, na nashukuru Mungu kwamba nilikuwa peke yangu na sikumpaka mtoto. Mkono ulivimba, ngozi ikachubuka kama viazi vilivyochemshwa, kichwa kikaniuma na kichefuchefu kikanishika hadi jioni. Chebet mwenyewe aliniletea maziwa siku iliyofuata akaniomba radhi. Kama umesoma mpaka hapa kwa ajili ya jambo moja tu, basi liwe hili: dawa ya kupe iache kwa ng'ombe.

Baada ya nguo, mshtakiwa aliyefuata akawa mbwa. Bosco ni mbwa wa Tata, mwekundu, mzee kidogo, na miezi ile manyoya ya masikio na viwiko yalikuwa yamemwisha, ngozi imekunjamana kama mguu wa kuku. Mtu angemtazama na kututazama, angesema kesi imekwisha. Ombati akaleta kamba. Alikuwa tayari kumpeleka huko msituni asirudi.

Tata alisimama mlangoni kwake, mikono mfukoni. "Huyo mbwa amekukosea nini?"

"Ana upele, Tata."

"Kama kila mwenye upele anafungwa kamba," Tata akasema, "mtabaki wangapi kwa hili boma?"

Ombati aliinamisha macho. Ni kwa ajili ya maneno hayo tulimwita daktari wa mifugo badala ya kumtupa mbwa. Kijana yule alimkwaruza Bosco ngozi kuichunguza, akamdunga sindano, akasema atahitaji dawa tena baada ya wiki mbili hivi. Kisha, akifunga mkoba wake, akatutazama mikono.

"Upele wa mbwa ni wa mbwa," akasema. "Unaweza kukusumbua siku chache ukimshikashika, halafu unakufa wenyewe. Nyinyi mmejikuna miezi. Mbwa si mshtakiwa. Tafuteni mtu."

Alisema kwa sauti ya kawaida, akapanda pikipiki yake akaenda. Mimi na Ombati hatukutazamana. Tulikuwa tumefikiria mtu yule yule.

Lakini hata hivyo sikuamini. Tata hakuwa anajikuna. Sisi tulikuwa tunakunana kama nyani, yeye ameketi ametulia. Nikasema kwa usalama tu, tukijipaka tena, naye ajipake. Ombati akanunua chupa ya ziada.

"Utamwambia?" nikamuuliza.

"Nitamwambia nini? Tata, vua nguo ujipake hii hadi mapajani?"

"Sema kwa njia yako."

"Iweke tu pale kwa chakula. Ataelewa."

Basi nikabeba sinia la mchana, ugali, mboga, na chupa nyeupe pembeni, nikaviweka kwenye kigoda cha baraza, nikasema, "Karibu chakula, Tata," nikarudi nyuma hatua chache kama inavyopasa, nikaondoka. Alichoona mzee ni chupa ya dawa iliyoletwa bila neno, siku chache baada ya daktari wa mbwa kusema mbwa atahitaji dawa tena. Mtu mwenye busara angefanya alichofanya. Alipomaliza kula akamwita Bosco.

Nilitazama kutoka jikoni. Nilimwona akimsugua mbwa kwa uangalifu, akiongea naye. Ningeweza kupiga kelele. Nilichofanya ni kuchemsha chai.

Kerubo alikuwa amejichuna vidonda vingi kwa wakati ule, na vidonda vilianza kutoa usaha, hasa miguuni na makalioni. Nilivisafisha kwa maji ya chumvi, vikakauka, vingine vikaja. Halafu asubuhi moja aliamka uso umevimba, macho yamekuwa mistari miwili, akaniuliza kwa nini kuna giza. Nikamkalisha kwenye poti yake. Mkojo uliotoka nimeshaueleza. Nilisimama nikiutazama muda mrefu, kwa sababu ni rangi ninayoijua sana, rangi ya kazi yangu, na haikupaswa kuwa pale.

Hospitali ya Kericho walimlaza. Sitasahau wodi ile: dirisha lisilofunga vizuri, ukungu ukiingia, kitanda kimoja watoto wawili, na mimi nikiogopa kumwambia mama wa mtoto wa pili kwa nini wetu amelazwa. Mwishowe nikamwambia, kwa sababu alikuwa na haki. Akasema, "Sasa utalala wapi? Lala hapa chini, mimi nitawaomba watuhamishe." Akaenda kuomba, akahamishwa na mtoto wake, na jioni akaniletea uji wake nusu. Kuna watu wanaokukwepa na kuna watu wanaokukwepa kwa upendo. Nimejifunza tofauti.

Daktari alikuwa msichana mdogo kuliko nilivyotarajia. Alisema upele wenyewe hauui, lakini vidonda vyake vikiingia uchafu, ubaya unaweza kufika hadi kwenye figo. Mtoto alikuwa na nafasi nzuri ya kupona. "Ila, mama, nikimtibu nikamrudisha kwa upele ule ule, vidonda vitarudi, na sitaki figo hizi zijaribiwe tena. Nani anamshika huyu mtoto?"

"Mimi. Baba yake."

"Na nani mwingine?"

"Babu yake."

"Babu anajikuna?"

"Hapana kabisa."

"Mikono yake ikoje?"

"Ni mikono ya chai tu, daktari. Alikuwa mchumaji."

"Mikono ya chai ikoje?" akauliza. Hakuwa wa huku, hakujua kweli.

Nikaanza kumweleza. Ni migumu, nikasema. Ina maganda, ya manjano hivi, yamejaa hata katikati ya vidole, yanapasuka. Yanadondoka kama unga kwenye koti. Kucha zimekuwa nene. Na nilipokuwa nikieleza nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Mikono ya mchumaji hukomaa kwenye kidole gumba na cha shahada, pale jani linapokatwa, si kila mahali. Na mtu akiacha kuchuma, mikono hulainika. Tata aliacha zamani. Nilikuwa nimempa chai mzee yule kila siku, nikimtazama mikono kwa heshima bila kuinua macho zaidi ya hapo, na nilichokiona ni kazi. Huku kila boma lina mzee mwenye mikono ya kazi. Hatuiulizi maswali.

Daktari akaweka kalamu chini. "Kuna upele wa namna hiyo," akasema. "Unawapata wazee. Hauwashi sana, lakini mtu mmoja anatosha kuambukiza kijiji. Mlete."

Kumleta. Ombati alikaa kwenye ukuta wa nje ya wodi, kichwa mikononi. Alisema angeweza kuuza shamba kuliko kutamka sentensi ile mbele ya baba yake. Sikumdharau. Mimi nisingeweza kutamka hata nusu yake. Nikampigia Moraa simu Bomet.

Alifika kesho yake, akapita hospitali kumwona mdogo wake, akalia kidogo, akajipangusa, tukaenda nyumbani pamoja. Mvua ilikuwa imeshaanza. Mimi nikaingia jikoni. Yeye akaenda moja kwa moja barazani kwa babu yake.

"Sokoro!" akapaza sauti. Ndivyo wajukuu wanavyomwita babu. "Habari za wazee wasiooga?"

"Nani huyo? Ni yule mwanamke mlafi wa Bomet?"

"Ni mimi, mke wako mkubwa. Nasikia uliongeza mdogo ukanisahau."

"Wewe ulikuwa na kelele. Nilikupeleka chuo ili nipumzike."

"Lete mikono nione kama umezeeka."

"Mikono haizeeki, ni macho."

"Lete bwana, usiwe mgumu." Nikasikia hatua zake zikimsogelea. "Woi, Sokoro! Hii ni mikono ama ni ganda la mti?"

"Hiyo ni chai. Hiyo mikono ilisomesha baba yako, na ndiyo inakusomesha wewe, mjinga wewe."

"Chai gani inapanda hadi kwa kiwiko? Vua shati."

"Ondoka! Mwanamke gani anamvua mume shati mchana watu wakiona?"

"Yule ambaye mume wake ni mchafu."

Akacheka, mzee, kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu Kerubo alazwe. Nikasikia kigoda kikiburutwa, nikajua ameketi kumpa mgongo. Nikageukia ukuta ingawa ukuta ulikuwa katikati yetu.

"Eee!" Moraa akasema. "Hadi tumboni. Kumbe ni wewe, mzee! Umeoa mke mdogo ukamlipia mahari ya upele, hadi amelazwa!"

Alisema kwa sauti ile ile ya utani. Ndiyo sauti pekee ambayo jambo lile lingeweza kusemwa nayo katika boma letu. Lakini kicheko hakikuja. Mvua ilipiga mabati. Kisha nikasikia sauti ya Tata ikiwa imebadilika kabisa.

"Ni mimi?"

Moraa akamnyoshea shati lake.

Tata akavaa shati. Alichukua lile koti zito, akalitazama, akashuka nalo ngazi akalitandaza kwenye nyasi penye mvua, akarudi. "Twende kwa huyo daktari wako," akasema.

Alipewa dawa ya kupaka na vidonge vya kumeza, vya kurudiwa mara kadhaa. Moraa ndiye aliyeingia naye chumbani. Ombati alingoja getini. Huko ndani ndipo Tata alipofahamu habari ya chupa. "Kumbe ilikuwa yangu," akasema. "Mbona hamkusema?"

"Nani angesema, Sokoro?"

Akafikiri. "Ni kweli," akasema. "Nani angesema." Hakulaumu mtu, na sijawahi kumsikia akilaumu.

Siku tuliyojipaka mara ya mwisho, boma zima lilijipaka kabla giza halijaingia. Dada ya Ombati alikuja kutoka Kedowa kushughulikia blanketi za baba yake, na kwa vile amezifua miaka yote, naye akabeba dawa ya watu wa nyumba yake. Blanketi ambazo mvua haikuziruhusu kukauka tulizifunga kwenye magunia ya plastiki na kuziacha zimefungwa siku kadhaa, kama nesi alivyotuelekeza, mpaka vidudu vikafa kwa kukosa ngozi. Bosco pia akapata sindano yake ya pili, iliyokuwa imechelewa. Kwa yule mwenye haraka niseme hivi: mwasho uliendelea wiki kadhaa baada ya dawa, na nusura tujipake tena kwa hofu. Nesi akatuzuia. Ngozi, alisema, inachelewa kusahau. Na hesabu watu kwa mikono inayogusana. Usihesabu kwa milango.

Majira ya mvua fupi Kerubo alirudi na uso wake wa zamani. Mkojo ulisafika. Tunarudi kliniki kupimwa, na kila mara daktari anasoma karatasi, ananitazama, anasema ni sawa. Wateja wangu wamerudi mmoja mmoja. Kanisani nashika mikono ya watu wote, hata ya yule wa kinyongo, namshika kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika.

Mikono ya Tata imetoa maganda yote. Chini yake kumetokea ngozi laini, nyepesi, ya rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, kama mikono ya karani. Daktari alishasema amepona, alimwambia mwenyewe, mbele ya Moraa, mara mbili. Lakini tangu siku ile ya mvua hajamshika Kerubo. Hamfukuzi. Wanataniana kama kawaida, yeye kwenye kigoda, mtoto kwenye ngazi. Kerubo akisema, "Mume wangu, nibebe," anajibu, "Kesho." Mimi naweza kumwambia karibu chakula. Siwezi kumwambia mikono yako ni safi. Ombati hawezi. Moraa amejaribu kwa simu, kwa utani wao, na mzee amecheka, kisha akauliza kama huko Bomet mvua imenyesha.

Jana alasiri Kerubo alichoka na kesho. Alipanda ngazi, akajivuta mwenyewe hadi pajani kwa babu yake, akaegemeza kichwa kifuani pake na kufumba macho. Tata hakumsukuma. Aliinua mikono yote miwili juu, mbali naye, akaishikilia hapo hewani, mpaka mtoto akakata tamaa akashuka.